Ruhusa ya Kusikiliza

Kwenye harusi alikuwa akikaa karibu na spika. Wengine walipokuwa wakivuta viti kwenda mbali na ile kelele ili wapate kuongea, yeye alikiinua chake akakipeleka pale pale ambapo muziki ulitikisa glasi mezani. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akala wali wake bila haraka. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilidhani masikio yake ni mabovu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alisikia vizuri kuliko sisi sote, na kwamba pale penye spika ndipo mahali pekee harusini ambapo hangesikia mambo ya watu.

Tulimwita Madam wa Seva. Chuo chetu cha ufundi kiko pembeni mwa mji wa Machakos, upande unaoangalia vilima vya Iveti, na kina Madam walikuwa wengi: Madam wa Ushonaji, Madam wa Hesabu, Madam wa Bweni. Yeye ndiye aliyetunza seva na mtandao wote wa chuo, na ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani nyuma ya jiko, chumba chembamba kilichonukia mafuta ya kupikia na kujaa mvumo wa feni za mitambo. Mimi nilikuwa fundi wa mtandao chini yake kwa miaka saba. Nilivuta kebo, nilipanda ngazi, nilibadilisha swichi zilizoungua kwa radi. Hayo ya nje yalikuwa yangu. Yale yanayopita ndani ya waya yalikuwa yake peke yake.

Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, na sweta lile lile la rangi ya damu ya mzee Januari hadi Desemba. Chakula cha mchana alikuja nacho kutoka nyumbani, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, kwenye chupa ya kuhifadhi moto, akakila kwa kijiko kirefu huku akitazama ukuta. Hakuolewa, na kama aliwahi kukaribia kuolewa hakuna aliyejua. Watu walisema anaringa. Saa nne, chai ya walimu ilipoletwa, alichukua kikombe chake akasimama kando ya birika kubwa lenye kelele, na watu wawili wakianza kunong'onezana karibu naye, alihama. Simu ya mtu ikilia mkiwa naye ofisini, alitoka yeye. Atoke kwenye ofisi yake mwenyewe, asimame nje kwenye baridi ya Julai akiangalia ukungu, mpaka umalize kuongea na mume wako habari za gesi iliyokwisha.

"Madam, ingia, ni mambo ya gesi tu," nilimwambia siku moja.

"Gesi yenu," alisema, "mimi inanihusu nini?"

Lakini huyo huyo alikuwa na redio ndogo juu ya kabati la seva, na kila saa nane mchana aliifungua kusikiliza kipindi cha salamu cha Kikamba. Watu wanapiga simu, wanasalimia wajomba na mashemeji na wenzao wa zamani wa kazini, majina hayaishi. Aliwajua wapigaji wote. Alijua kuna mzee wa Kangundo ambaye kila siku anamsalimia ndugu mmoja asiyejibu, na mama wa Wamunyu ambaye husahau majina ya wajukuu katikati. Nikamuuliza mbona hao anawasikiliza, na sisi tukimsimulia kitu anatoka nje.

"Hao wamepiga simu wasikike," alisema. "Ni tofauti."

Hakuwahi kutuma salamu hata moja.

Nilipofika kazini nilidhani kwamba baada ya miezi michache angenipa neno la siri la akaunti kuu ya seva, ile ambayo mafundi wote wanaiita root. Mwenye root anaweza yote: kufungua faili la mtu yeyote, kufuta, kubadilisha, na kusikiliza pakiti, yaani vile vipande vidogo vidogo ambavyo kila ujumbe hukatwa ndipo usafiri kwenye waya. Mtandao ukigoma, dawa yake mara nyingi ni kunasa hizo pakiti na kuzisoma, uone nani anamwita nani na nani hajibu. Nikijaribu kwa akaunti yangu, kompyuta iliniandikia kwamba sina ruhusa. Miaka minne iliniandikia hivyo.

"Madam, si unipatie tu paswadi," nilimwambia kila baada ya muda. "Mtandao ukianguka mimi naona taa tu. Taa inawaka, taa imezima. Siwezi kujua ndani kuna nini."

"Ukiona taa niite."

"Na kama haupo?"

"Nitakuwepo."

Na alikuwepo. Jumamosi alikuwepo. Sikukuu ya Pasaka alikuja na viatu vya kanisani, akanasa pakiti zake, akapata hitilafu, akarekebisha, akarudi kanisani. Hakuchukua likizo. Nilichukia. Nilikuwa na cheti kama chake, pengine kipya zaidi, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa ngazi na kebo. Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba yule mama anaogopa nitamnyang'anya kazi.

Mwaka wa nne mama yake alifariki, kule kwao Ekalakala. Alituma barua ya kuomba siku tatu, na siku ya mazishi ikaangukia siku ya kuandikisha wanafunzi wapya. Asubuhi ile wazazi walijaa uani tangu saa moja. Walitoka Masinga, Yatta, Mwala, wamebeba masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa. Usajili wote ulikuwa kwenye kompyuta, na nafasi za bweni zilitolewa kwa aliyeandikishwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa tatu na nusu mtandao ukafa. Haukufa wote, jambo ambalo ni baya zaidi. Kompyuta moja ilifanya kazi, ya pili yake ikakataa, baada ya dakika kumi zikabadilishana.

Nilizunguka chuo kizima. Niliangalia taa. Nilizima swichi, nikaziwasha. Saa tano nilimpigia simu nikiwa nimekaa chini sakafuni kwenye chumba chake, na nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba.

"Madam, pole sana. Pole. Mtandao umeenda. Nisomee tu paswadi, niangalie pakiti, nimalize."

Wimbo uliendelea.

"Niko na watu hapa," alisema. "Siwezi kuisema mbele ya watu."

"Nitumie kwa ujumbe."

"Kwa ujumbe itapita mahali. Hapana."

"Basi tufanye nini? Wazazi wako hapa wanalia!"

"Nakuja," alisema.

Nilidhani anasema hivyo tu. Alifika karibu na saa tisa na nusu, amevaa nguo nyeusi na leso kichwani, vumbi hadi magotini. Hakusalimia mtu. Aliketi, akaandika neno lake la siri huku mimi nimegeuka upande kama alivyotaka siku zote, akanasa pakiti kwa dakika mbili, akasoma. Kulikuwa na mwanafunzi wa bweni la wavulana aliyechomeka rauta ya nyumbani ukutani ili apate intaneti chumbani, na ile rauta ilikuwa ikigawa anwani za uongo kwa kompyuta zote zilizoiuliza. Ndani ya pakiti jambo lilikuwa wazi kabisa, mistari miwili, majibu mawili kwa swali moja. Nilikimbia bwenini, nikaichomoa. Saa kumi kasorobo usajili ulikuwa unaenda.

Niliporudi nilimkuta bado kwenye kiti, mikono juu ya meza.

"Mlimaliza mazishi?" nilimuuliza. Kwa kweli nilikuwa sijafikiria.

"Walikuwa hawajashusha," alisema. "Nilitoka kabla."

Nilisimama pale mlangoni, na jikoni wapishi walikuwa wakiburuta sufuria. Hakulia. Alivua leso, akaikung'uta vumbi, akaifunga tena.

Jumatatu aliniita asubuhi na mapema. Alikuwa ameandika hatua kwa penseli kwenye daftari, maana kila jambo kubwa aliliandika kwanza kwa penseli.

"Nilikuwa najua njia hii zamani," alisema. "Si lazima mtu awe root ndiyo aone pakiti. Kile kiprogramu kinachonasa unaweza kukipatia nguvu mbili peke yake. Moja ya kusikiliza waya, moja ya kugeuza kadi ya mtandao ikubali kusikiliza. Hakina nguvu ingine. Hakiwezi kufungua faili ya mtu, hakiwezi kufuta. Halafu unaunda kundi, unasema ni watu wa kundi hili pekee wanakitumia."

"Tangu lini unajua hii njia?"

"Tangu ukuje."

Aliunda kundi, akaliita sikio. Akanitia humo, mtu mmoja, mimi. Nikarukia kibodi nijaribu, na kompyuta ikaniandikia yale yale ya miaka minne, kwamba sina ruhusa. Nilimwangalia.

"Toka kwanza uingie tena," alisema. "Ulikuwa umeingia kabla sijakuandika. Haikujui bado."

Nilitoka, nikaingia. Mistari ikaanza kukimbia kwenye kioo, mamia, na nikacheka kwa furaha kama mtoto. Yeye hakucheka. Alivuta kiti chake karibu nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja.

"Mwende, sikiza. Kabla ya kufungua hii kitu, jiulize swali. Natafuta nini? Ni printa? Basi andika anwani ya printa, usikie printa peke yake. Usifungue waya wote hivi hivi. Ukishasikia kitu, umekisikia. Huwezi kurudisha."

"Sawa, Madam."

"Usiniambie sawa haraka hivyo." Alikunja daftari. "Mimi nilikuwa opareta wa simu. Kabla ya hizi kompyuta. Ile bodi ya kuchomeka waya, posta ndogo ya huko kwetu. Mtu akitaka Mombasa unamuunganisha, na ukiunganisha unasikia kidogo, hata kama hutaki. Tulikula kiapo kutosema. Siku moja nilisikia jambo. Nikanyamaza vile sheria inasema. Nikapoteza mtu."

"Nani?"

Alisimama akaenda kuangalia feni moja ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ruhusa ile ilikuwa na tabia moja. Kila programu ya kunasa iliposasishwa, zile nguvu mbili zilifutika, na akaunti yangu ikarudi kuambiwa haina ruhusa. Nilimwomba aweke dawa ya kudumu, amri ndogo ya kuzirudisha zenyewe. Alikataa. Alitaka nije mlangoni, niseme, "Madam, sikio limezima," naye aniulize, "Ulikuwa unalitumia kutafuta nini mara ya mwisho?" nami nimjibu. Kisha aliandika amri yake moja, na mazungumzo yakaisha. Mwanzo niliona ni usumbufu. Baadaye nikagundua kwamba ilikuwa karibu ndiyo nafasi pekee tuliyokaa na kuongea, mara tatu au nne kwa mwaka.

Prinsipo, mkuu wetu wa chuo, naye alikuja kujua kwamba nina ruhusa hiyo. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiandikia wizara barua kuhusu hali ya mabweni, na Prinsipo alitaka kumjua. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba nisikilize kompyuta za chumba cha walimu kwa wiki moja tu. Nilimwambia mimi niko chini ya Madam. Tukaenda pamoja mpaka kile chumba nyuma ya jiko, na Prinsipo alipomaliza kueleza, Madam aliinuka akapunguza redio.

"Mwende alipewa ruhusa ya kutafuta hitilafu," alisema. "Ya kutafuta watu, niandikie barua, bwana, utie sahihi na muhuri. Nitaiweka kwenye faili."

"Barua ya nini? Si hii ni kazi ndogo tu?"

"Kama ni ndogo, kuiandika haitasumbua."

Hakuandika. Lakini mwaka uliofuata, Madam alipofikisha umri wa kustaafu, wenzake wawili wa umri ule waliongezewa mkataba, naye akapewa kadi ya kuagwa na saa ya ukutani. Nilijivunia kuwa upande wake siku ile ya kudai barua. Nalisema hili ili ieleweke kwamba jambo nililolifanya sikulifanya kwa kulazimishwa na mtu.

Ilikuwa miezi michache kabla hajastaafu. Printa ya ofisi ya mitihani ilikuwa ikikwama, na nilipaswa kuandika anwani ya printa, nisikie printa peke yake. Nilikuwa na haraka, na uvivu, na kidogo nilikuwa na ule ukubwa wa mtu aliyezoea. Nilifungua waya wote. Niliacha programu inase kila kitu kwa saa nzima huku nikinywa chai, nikarudi nikaanza kuchambua.

Siku hizi tovuti karibu zote hufunga maneno yake kabla ya kuyatuma. Unaona tu kompyuta fulani imeongea na mahali fulani, maneno yenyewe ni vurugu tupu. Lakini katikati ya vurugu ile niliona mistari inayosomeka. Ilitoka kwenye kompyuta ya Madam. Ilikwenda kwenye tovuti ya zamani ya wasichana waliosoma shule moja ya sekondari huko Masinga, tovuti ambayo mtu aliitengeneza akaiacha, isiyofunga kitu. Ilikuwa na sehemu ya kuandika ujumbe kwa wenzako wa darasa. Yeye alikuwa ameandika.

Ningeweza kuacha pale. Nilikuwa nimeona jina la tovuti na neno la kwanza, basi. Niliinuka nikafunga mlango, nikarudi nikakaa, nikasoma.

Alimwandikia mwanamke aliyesoma naye, kwa jina lake la usichana. Alisema: mimi ni yule wa simu. Siku ile walipopiga kutoka Mombasa kusema kaka yako ameanguka kazini na amekufa, mimi ndiye niliyewaunganisha na baba yako. Nilimsikia baba yako akisema usiambiwe mpaka umalize mtihani wa uuguzi. Siku tisa ulikuja dirishani kwangu kuuliza kama kaka amepiga, na siku tisa nilikujibu leo hajapiga. Halikuwa neno la uongo, na nimelichukia tangu siku hiyo. Ulipojua, uliniambia kwamba nilikuwa nakuangalia machoni huku najua. Ni kweli. Sikuandikii unisamehe. Nakuandikia ujue kwamba kila siku ya zile tisa nilitaka kusema. Kama utapita Machakos, uliza chuoni, mtu yeyote atakuonyesha nilipo.

Sikumaliza kazi ya printa siku hiyo. Nilifunga kompyuta nikaenda nyumbani. Mume wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ni kichwa. Sikumwambia. Asubuhi nilifuta lile faili, na tangu hapo nilipopita mbele ya mlango wa Madam niliinamisha macho, kama mtu aliyeiba. Nilitamani kumwambia kwamba ninajua, na kwamba kwangu hakufanya kosa. Nilitamani kumletea chai. Lakini ningeanzaje? Hata kuwa mwema kwake zaidi ya kawaida kungenisaliti. Tulikaa hivyo, vyumba viwili, ukuta mmoja, mimi najua na yeye yuko peke yake na jambo lake, na wiki zikapita, na sikuona hata siku moja mgeni akiulizia chuoni.

Kisha programu ikasasishwa na ruhusa yangu ikazima. Nilikaa siku nne bila kusema. Siku ya tano nilikwenda mlangoni.

"Madam, sikio limezima."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilisubiri swali lake. Hakuuliza. Aligeuka, akaandika ile amri, akasema, "Toka uingie," na akaongeza sauti ya redio. Mwezi uliofuata alistaafu. Kadi ya kuagwa niliitia sahihi kama wengine, chini ya Madam wa Ushonaji, kila la heri.

Nilimwona tena baada ya miaka miwili. Nilitumwa kuweka mtandao kwenye shule moja upande wa Ekalakala, na siku ya soko nilimkuta amesimama mbele ya mwanamke anayeuza ndengu, akizipepeta kwa kiganja kutafuta zilizotobolewa. Sweta lilikuwa jipya, la kijani. Amekonda zaidi.

"Wi museo, mwaitu?" nilimsalimia kwa Kikamba, nikimwita mama, kama ambavyo sikuwahi kuthubutu kazini.

"Ni museo. Mwende! Umefuata nini huku?"

Tulikwenda kwake, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nyumba ya vyumba viwili, uwanja uliofagiliwa, kuku watatu, kaburi la mama yake kando ya mpaka wa shamba. Aliishi peke yake. Jirani wa karibu alionekana kama kidoa cha bati mbali kwenye mteremko. Alipika chai, tukainywa nje, akaniuliza habari za swichi moja moja, kama mtu anayeulizia watoto. Nilimjibu zote. Halafu zikaisha.

"Madam," nilisema, "iko kitu nataka kukuambia. Ile wakati ya printa ya mitihani—"

"Najua."

Nilishusha kikombe mapajani.

"Faili ilikuwa kubwa," alisema. "Niliiona jioni ile nikiangalia nafasi kwenye diski. Mtu anayetafuta printa hapati faili kubwa hivyo. Na saa ile ndiyo nilikuwa nimeandika."

"Na mbona ulinirudishia ruhusa?"

"Asubuhi ulifuta. Nikangoja nisikie maneno yangu kwa watu. Kwa chai, kwa jikoni. Sikusikia." Aliweka kikombe chini. "Hata bwana yako hukumwambia?"

"Hata yeye."

Aliitikia kwa kichwa. Kuku mmoja alikuja akadona karibu na mguu wake, hakumfukuza. Nilianza kumwomba msamaha, nikasema nilifunga mlango ndipo nikasoma, kwamba sikuwa nimekosea kwa bahati mbaya, nilitaka kujua, na yeye alikuwa amenionya. Alinyoosha mkono kunikatiza.

"Uliisoma yote?"

"Yote."

"Mpaka mwisho? Pale pa kuulizia chuoni?"

"Mpaka hapo, mwaitu."

Aliangalia mteremko ule na lile bati la mbali. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho huenda hawezi kukinunua.

"Ile tovuti waliifunga mwaka jana. Sijui kama iko mtu aliwahi kuifungua. Nilikuwa naandika, natuma, hakuna kitu inarudi." Akanigeukia. "Ilieleweka? Vile niliandika. Mtu angesoma, angeelewa?"

Nikamwambia ilieleweka. Nikamwambia ningekuwa yule rafiki yake ningepanda gari siku hiyo hiyo nije.

"Wewe si yeye," alisema, lakini bila ukali. Alichukua birika, akanimiminia chai ambayo sikuwa nimeiomba, akaijaza mpaka juu.

"Ni sawa," alisema. "Angalau ilifika mahali."